Makocha wangu wamegeuka masupavaiza, niongeze siku ya tatu ya mafunzo?

Swali nililotumiwa, nimelifupisha kidogo: "Naratibu kampeni ya kudai vivuko salama na matuta karibu na shule. Tuna timu 14 za mitaa, kampeni ni ya wiki 12 na sasa tuko wiki ya 5. Mwanzoni tulichagua volontia wetu 6 wazuri kuliko wote tukawapa mafunzo ya ukocha ya siku mbili ili wazishike mkono hizo timu. Sasa mwezi umepita naona wawili wamekuwa masupavaiza, kazi yao kupiga simu kuuliza namba tu. Watatu wanafanya kazi za timu wenyewe mpaka wamechoka. Mmoja tu ndio timu zake zinaenda. Niongeze siku ya tatu ya mafunzo? Na ni kitu gani sikuwafundisha? Na nitajuaje kama inafanya kazi?"

Dada, siku ya tatu usiongeze. Huo muda na hiyo nauli utavihitaji sana, ila sio kwa kuwarudisha watu ukumbini wakaangalie slaidi. Ntakwambia uvipeleke wapi, lakini kwanza tuangalie hapo ulipokwama maana wengi tunakwama hapo hapo.

Ulichagua wazuri kuliko wote. Wazuri wa nini? Nina hakika ni wale ambao ukiwapa majina 30 wapige simu wanapiga 40, wakisimama kwenye mkutano watu wanasikiliza, ukiwatuma hawakuangushi. Hao ni watendaji wazuri, na mtendaji mzuri ukimkalisha pembeni aangalie mwenzake akibabaika na kitu ambacho yeye anakifanya kwa dakika tano, inamuuma kabisa, yaani mwilini inamuuma. Kwahiyo atafanya moja kati ya mawili, ama achukue kazi aifanye mwenyewe au aanze kusukuma "mbona bado, mbona bado". Ndio hao watatu wako na wale wawili. Hawajakosea tabia, wamefanya kile kilichowafanya wachaguliwe.

Halafu lipo tatizo la neno lenyewe. Mtu akisikia kocha anamuona yule wa mpira, anasimama pembeni ya uwanja anapiga kelele, anapanga nani acheze nani akae benchi, timu ikifungwa anafukuzwa yeye. Kwenye kazi yetu ya kuunganisha watu kocha hapangi kikosi wala hatoi amri, timu ina kiongozi wake na maamuzi ni ya timu. Kazi ya kocha ni moja tu, kumsaidia kiongozi wa timu aone kinachomkwamisha na apate uwezo wa kukitoa mwenyewe, ili wiki ijayo kikija kingine asimhitaji kocha kwa kile kile. Makocha wako waambie hivi wazi wazi, tena kwa maneno haya haya, maana nimeona mafunzo ya siku mbili yanaisha na hakuna aliyeambiwa kwamba ukocha sio cheo cha juu ya kiongozi wa timu.

Sasa kitu ambacho nahisi hukuwafundisha, au mliligusa juu juu. Kupima kabla ya kutibu.

Chukua mfano wa kiongozi wa timu ambaye wiki ya tatu sasa hajawapigia watu simu. Kocha aliyezoea kutenda anasema mvivu huyu, au anasema lete hayo majina nipige mimi. Lakini kukaa bila kupiga simu kunaweza kuwa na sababu tatu ambazo dawa zake ni tofauti kabisa. Inawezekana anaogopa, juzi mtu mmoja alimjibu vibaya na tangu hapo kila akishika simu moyo unakwenda mbio. Inawezekana hajui, hajawahi kumuomba mtu kitu kwa simu mpaka mtu akasema ndio ntakuja saa fulani, anaishia kusalimia na kuagana. Na inawezekana haoni maana, yaani anajua orodha aliyopewa ni ya watu waliohama mtaa, au anaamini kupiga simu sio njia, watu wa mtaa wake wanapatikana kwa kugongewa mlango, na pengine yuko sahihi!

Wenye kazi hii wanaita moyo, mikono na kichwa. Ukiona ni moyo unamrudisha kwenye kile kilichomleta, unamuuliza kwa nini aliingia kwenye kampeni, mtoto gani alikuwa anamfikiria siku ile aliposema nipo, unampa moyo kwa kitu cha kweli ulichokiona akikifanya. Ukiona ni mikono basi mazoezi, mimi niwe yule mama wa jirani, nipigie sasa hivi, haya tena mara ya pili. Ukiona ni kichwa mnakaa na mpango, mnauliza tunataka nini, nani ana uwezo wa kutupa, tuna nini mkononi, hii njia inatufikisha au haitufikishi. Balaa linakuja ukichanganya dawa. Mtu anayeogopa ukimpa mafunzo ya kupiga simu kwa mara ya nne unamthibitishia kwamba hawezi. Mtu ambaye orodha yake ni mbovu ukimwambia "jipe moyo dada" anakuona humsikilizi, na wiki ijayo hapokei simu yako.

Hii ya moyo, mikono na kichwa imeenea sana kupitia Marshall Ganz na watu aliowafundisha. Ganz ni yule Mmarekani aliyeacha masomo chuo kikuu cha Harvard mwaka 1964 kabla hajamaliza akaenda Mississippi kwenye harakati za kura za watu weusi, mwaka uliofuata akaingia kwa wafanyakazi wa mashambani wa California akakaa nao miaka 16, na baadaye akarudi Harvard akawa mwalimu. Nakutajia historia yake kwa sababu inaonyesha hivi vitu vilitoka wapi, vilitoka kwa watu waliokuwa wanajaribu kuwaunganisha watu wasio na pesa wala cheo, ndio vikaja kuandikwa. Hatua za ukocha huu ni tano na zinakaa kwenye kiganja: unauliza, unaangalia, unapima ni moyo au mikono au kichwa, unasaidia, halafu mnakaa kujadili imekuwaje. Makocha wako wawili wanafanya ya kwanza kwa nusu (wanauliza namba), na wale watatu wameruka moja kwa moja mpaka ya nne.

Nikwambie yaliyonikuta mimi. Miaka ya mwanzo nilikuwa nasimamia mama mmoja kiongozi wa timu, kila mkutano wake unaanza kwa kuchelewa na unaisha bila mtu kupewa kazi. Nikamfundisha kuandika ajenda. Nikamtengenezea fomu. Nikamtengenezea fomu nyingine nzuri zaidi. Mwezi na nusu. Siku moja tunarudi kwa miguu nikachoka kutoa ushauri nikamuuliza tu, mama, ule muda wa kugawa kazi ukifika huwa unajisikiaje? Akanyamaza kidogo akasema wale wote wakubwa kwangu, nitawatumaje watu wazima? Ilikuwa moyo siku zote zile na mimi nashughulika na mikono. Tukaongea kwamba sio kuwatuma, ni kuwauliza kila mmoja atachukua nini, na wiki iliyofuata akafanya hivyo mbele yangu na kazi zote zikapata mwenyewe. Mwezi na nusu nilioupoteza kwa kutouliza swali moja bado unaniuma, na ndio maana nakusisitizia hapa.

Basi mafunzo yanakuwaje. Siku mbili zinatosha kabisa kama asilimia kubwa ya muda watu wanafanya mazoezi na wewe huongei. Mimi naanza hivi: naomba kiongozi mmoja wa kweli wa timu, mwenye tatizo la kweli la wiki hii, akae mbele na mimi, nimkochi mbele ya wote dakika kumi. Sio igizo. Na mara nyingine nakosea mbele yao na tunalijadili hilo kosa, hapo ndio wanajifunza zaidi kuliko nikipatia. Baada ya hapo watu wanakaa watatu watatu, mmoja kocha, mmoja analeta tatizo lake halisi, wa tatu hasemi kitu, anaandika maswali yote aliyouliza kocha neno kwa neno. Dakika kumi, halafu dakika tano yule wa tatu anamsomea kocha maswali yake. Halafu wanabadilishana mpaka wote watatu wapite. Ile kusomewa maswali yako mwenyewe ina nguvu ajabu, mtu anagundua kati ya maswali nane sita yalikuwa ushauri uliovalishwa alama ya kuuliza. "Huoni ingekuwa vizuri ukampigia mwenyekiti?" Hilo sio swali.

Zoezi la kwanza kabisa liwe gumu: dakika tano kuuliza tu, ushauri marufuku. Watendaji wako watateseka na usiwahurumie, mateso hayo ndio somo lenyewe. Maswali yanayofungua ni mafupi na ya kawaida, ilikuwaje, ukafanya nini, ulitegemea nini, umeshajaribu nini, kipi kigumu zaidi hapo, sasa unaonaje. Na kunyamaza. Mwambie kocha ahesabu kimoyomoyo mpaka saba baada ya kuuliza, kabla hajaongeza neno. Vitu vingi vya maana vinatoka kwenye sekunde ya sita.

Ila usije ukaenda upande wa pili ukatengeneza makocha wanaouliza tu kama polisi na hawasaidii chochote, maana hao nao nimewaona, kiongozi anasema niambie tu nifanyeje kocha anamjibu "wewe unaonaje". Kama mtu hajui namna ya kuandika barua ya kuomba kukutana na diwani, muonyeshe! Kuuliza ni kwa ajili ya kupima, ukishapima na ukakuta ni mikono, fundisha kwa mikono.

Kuna hadithi ya kweli ambayo huwa nawasimulia makocha wapya kwenye hili la nani anafaa. Mwaka 1957 kwenye kisiwa cha Johns Island, South Carolina, watu weusi walikuwa wananyimwa kura kwa kisingizio cha mtihani wa kusoma. Ikaanzishwa shule ya watu wazima usiku, ikisaidiwa na Highlander, kituo cha mafunzo cha Tennessee kilichofunguliwa 1932. Septima Clark, mwalimu mzoefu wa miaka mingi ambaye mwaka mmoja kabla alifukuzwa kazi kwa kukataa kujitoa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, yeye na wenzake hawakutaka mwalimu wa kusomea ashike darasa lile. Wakamchagua Bernice Robinson, msusi na fundi cherehani. Yeye mwenyewe alisema hajawahi kufundisha, na alipoingia darasani akaanza kwa kuwauliza wanataka kujifunza nini. Wakataka kuandika majina yao, kusoma barua za watoto wao walio mbali, kujaza fomu za kuagizia vitu. Darasa likajengwa juu ya hayo, na kutoka pale shule za namna ile zikasambaa Kusini yote ya Marekani, kwa kuwafunza watu wa kawaida wakafunze wenzao. Sasa jiulize kwenye volontia wako wote nani ni Bernice. Sio msemaji mzuri. Ni yule ambaye akikaa na watu, watu wanaongea zaidi. Mkutano ukiisha watu wanabaki wamemzunguka wanamwambia vitu. Nahisi huyo mmoja wako ambaye timu zake zinaenda ndio wa aina hiyo.

Sasa kabla hujawalaumu makocha hata kwa dakika moja zaidi, nenda kaangalie timu zenyewe. Mwaka 2001 mtafiti wa timu Ruth Wageman alitoa utafiti wa timu 43 za mafundi wa kampuni ya Xerox, akilinganisha kipi kinaifanya timu ijiongoze vizuri, namna ilivyoundwa au namna inavyokochiwa. Muundo ulishinda kwa mbali. Na kilichonigusa zaidi ni kwamba ukocha mzuri ulizisaidia zaidi zile timu zilizoundwa vizuri, wakati ukocha mbovu uliziumiza zaidi zile zilizoundwa vibaya. Yaani kama timu haijui nani ni mwanachama na nani ni mpita njia, haina lengo linaloeleweka, haina majukumu ya watu, kocha hata awe malaika atazunguka tu. Kwahiyo kwenye zile 14 pitia kila moja na maswali matatu: wanajuana kwa majina na idadi yao haibadiliki kila wiki? wanaweza kusema kwa sentensi moja wanataka nini kabla ya wiki ya 12? kila mtu ana kazi yake inayotegemewa na mwenzake? Timu inayofeli hapo haihitaji kukochiwa sasa, inahitaji kukaa nusu siku kujipanga upya na kocha awepo kuwasaidia kwenye hilo.

Muda nao una maana kuliko tunavyofikiria, na hapa una bahati ya kuniandikia wiki hii. Mtafiti mwingine, Connie Gersick, alifuatilia vikundi 8 vya kazi, akachapisha 1988, na akakuta vikundi havikui hatua kwa hatua kama tulivyozoea kuamini. Vinashika njia moja tangu kikao cha kwanza, vinakwenda nayo hivyo hivyo, halafu karibu na nusu ya muda wao kamili vinashtuka, vinatupa njia ya zamani na kujipanga upya. Haijalishi kazi ilikuwa ya siku chache au ya miezi. Baadaye Richard Hackman, naye mtafiti wa timu, na yule Wageman wa Xerox, 2005, wakaunganisha hilo na ukocha: mwanzoni timu inahitaji kutiwa hamasa, katikati inahitaji kusaidiwa kufikiria mpango, mwishoni inahitaji kusaidiwa kujifunza kutokana na ilichofanya. Ukija na mjadala wa mkakati wiki ya kwanza hawana cha kujadili, hawajafanya kitu. Ukija nao wiki ya kumi wameshachelewa.

Kampeni yako ni ya wiki 12. Wiki ya 6 ndio hiyo inakuja. Nauli ile ya siku ya tatu ipeleke hapo: kila kocha aende kwa miguu yake kwenye mitingi ya kila timu yake wiki ya 6, akae na timu nzima kwa maswali ya kichwa. Tulisema tutafanya nini, imetokea nini, nani ameshatuunga mkono ambaye hatukumtegemea, tuache nini, tubaki na nini. Simu haitoshi kwa hili.

Na wao makocha wakochiwe. Hili ndio kubwa kuliko yote, na lingeniuma ukilisahau ukakumbuka ya Xerox. Mtu anayepewa amri wiki nzima na bosi wake hawezi kwenda kuuliza maswali kwa upole kwa kiongozi wa timu, atapitisha chini kile alichopokea juu. Hao wawili wanaouliza namba tu, jiangalie dada, wewe ukiwapigia Jumatatu unaanza na swali gani? Kama ni "mmefika wangapi", basi hawakuwa masupavaiza kwa bahati mbaya. Wapigie ukianza na "wiki hii timu gani inakunyima usingizi, na umeona nini huko". Mmoja mmoja, nusu saa kila wiki. Na kila baada ya wiki mbili wakae wote sita, mmoja alete kesi moja, wafanye lile zoezi la watatu watatu tena. Saa moja na nusu inatosha. Mara moja kwa mwezi mmoja wenu akamtazame kocha akiwa kazini na ampe mrejesho siku ile ile kabla hawajalala.

Namba zikusanywe, ila zikusanywe na mtu mwingine kwa fomu au kwa ujumbe. Kocha azione na azitumie kama mlango wa kuingilia, "naona wiki hii wamekuja 6 wakati mlipanga 20, ilikuwaje". Akiwa yeye ndio mkusanyaji watu wanaanza kumpamba, na mtu akishaanza kukupamba huwezi kumsaidia tena. Kocha pia aseme siku ya kwanza kabisa yapi atayaweka moyoni na yapi hawezi: pesa za kampeni kupotea, mtu kunyanyaswa, usalama wa mtu. Hayo atayapeleka mbele, na wajue mapema. Na mzigo, timu mbili au tatu kwa kila kocha basi, makocha wako sita wanazienea hizo 14, usije ukakubali kumpa mtu tano kwa sababu yule mwingine kasafiri.

Umeniuliza pia kwa chini utajuaje kama inafanya kazi. Mimi naangalia vitu vichache. Kocha asipokuwepo mitingi inafanyika au inaahirishwa? Kuna majina mapya kwenye orodha ya waliochukua kazi, au ni wale wale wanne tangu wiki ya kwanza? Na nikimsikia kiongozi wa timu anamuuliza mwenzake aliyekwama "umeshajaribu nini?" badala ya kumwambia cha kufanya, hapo najua imeshuka mpaka chini.

Kwa wale watatu waliochoka, usiwaite kikao cha kuwarekebisha. Mpigie kila mmoja umuulize timu gani inamlemea, halafu muulize kitu kimoja tu anachokifanya yeye sasa ambacho kuna mtu kwenye timu angeweza kukifanya kocha akisimama naye mara moja tu. Kimoja, na akikabidhi kabla ya wiki ya 6. Yule mmoja ambaye timu zake zinaenda, muombe akubali wenzake wawili wakamtazame kwenye mitingi yake ijayo na waandike maswali anayouliza, neno kwa neno. Wakishayaandika nitumie hayo maswali, nataka sana kuyaona.